Kutambua maeneo ambako wagonjwa huishi muda mfupi kuliko kwingine: mbinu ipi inafaa?

Swali

Habari zenu, wataalamu. Ninachambua data za wagonjwa wa saratani waliofuatiliwa tangu ugonjwa ulipogunduliwa, kila mmoja akiwa na viwianishi vya makazi yake, na ninataka kujua kama kuna maeneo ambako wagonjwa hufariki mapema kuliko kwingine. Nilianza kwa kuhesabu vifo vya kila eneo, lakini wagonjwa wengi walikuwa hai ufuatiliaji ulipofungwa, na baadhi walipotea kabla ya hapo. Nikiwaondoa nitapotosha matokeo. Nikiwahesabu tu kuwa hai, nitakuwa nimemweka aliyefuatiliwa miezi 3 kapu moja na aliyefuatiliwa miaka 6. Nifanyeje?

Jibu la kwanza

Usimwondoe hata mmoja. Mgonjwa aliyejulikana kuwa hai hadi mwezi wa 40 amekupa taarifa ya miezi 40, na taarifa hiyo ni ya thamani hata kama mwisho wake haujulikani. Mwaka 2007 Huang, Kulldorff na Gregorio walichapisha mbinu inayolenga tatizo hili hasa, nayo imo katika programu ya SaTScan, ambayo hupatikana bure. Duara hupitishwa juu ya ramani na kupanuliwa hatua kwa hatua, kwa kawaida hadi liwe na nusu ya wagonjwa wote, na kila mara kasi ya vifo ndani ya duara hulinganishwa na kasi ya nje.

Tuchukulie kwamba ndani ya duara kuna vifo 40 katika jumla ya miaka 100 ya ufuatiliaji, na nje kuna vifo 160 katika miaka 800. Kasi ni 0.4 ndani na 0.2 nje, na logi ya uwiano wa uwezekano, yaani kipimo cha jinsi data zinavyounga mkono kasi mbili tofauti badala ya moja, ni takriban 6.65. Namba hiyo peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu umejaribu maduara mengi mno na lazima mojawapo litajitokeza kwa bahati. Ndiyo maana muda wa kila mgonjwa, pamoja na alama ya kufariki au kutofariki, huchanganywa nasibu kati ya makazi, tuseme mara 999, na kila mara thamani ya duara lililo juu kuliko yote hurekodiwa. Thamani yako ikishika nafasi ya 12 kati ya 1,000, p, yaani uwezekano wa kupata thamani kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, ni 0.012.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila ningeanza mapema zaidi. Eneo lenye wazee wengi, au ambako ugonjwa hugunduliwa ukiwa umeshasambaa, litajitokeza kwenye ramani hata kama matibabu ni yale yale. Cook, Gold na Li, pia mwaka 2007, walionyesha njia ninayoipenda: unakadiria modeli ya Cox, ile inayohusisha kasi ya vifo na sifa za mgonjwa, yenye umri na hatua ya ugonjwa bila kutaja mahali, unapata masalio ya matingali, yaani tofauti kati ya kifo kilichotokea na kile kilichotarajiwa kwa mgonjwa huyo, kisha unatafuta mikusanyiko ndani ya masalio hayo. Mimi hufanya uchambuzi mara mbili, kabla na baada ya kurekebisha. Mkusanyiko unaotoweka baada ya kuingiza hatua ya ugonjwa haupaswi kutupwa, kwa maana unaashiria kwamba watu wa eneo hilo wanachelewa kugunduliwa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, inadhuru iwapo waliopotea kwenye ufuatiliaji wanatoka zaidi upande mmoja wa ramani?

Jibu la pili

Inadhuru, na ni vema umeuliza. Ule uchanganyaji nasibu huchukulia kwamba ukatikaji wa ufuatiliaji unafanana kila mahali. Ikiwa wanaoishi mbali huacha kuhudhuria wanapozidiwa, vifo vyao havitaandikwa na eneo lao litaonekana salama kuliko lilivyo. Kabla ya kuchora duara lolote, geuza maana ya tukio: hesabu kupotea kuwa ndiyo tukio, kifo kiwe ukomo wa ufuatiliaji, kisha endesha uchunguzi ule ule. Ukipata mkusanyiko wa waliopotea, watafute kwanza wagonjwa hao, hata wachache, ujue waliko, kwani hakuna hesabu itakayojaza pengo hilo kwa niaba yako.