Kunyimwa klirensi Marekani: kosa ni bangi au kosa ni uongo?

Mjomba_K: Wadau naombeni mawazo. Mpwa wangu yuko Marekani, kanyimwa kibali cha usalama (klirensi), ile ruhusa ya kushika siri za serikali kazini. Chuoni alivuta bangi mara mbili tu, kwenye SF-86, ile fomu ya kuombea kibali, swali la kama umetumia dawa za kulevya ndani ya miaka 7 akatiki hapana. Siku ya mahojiano mpelelezi akaweka kalamu mezani, akamuuliza taratibu una uhakika? Dogo akasema ndio. Rafiki yake aliyekuwa anavuta kila wikendi kaandika yote na kapewa. Hapo haki iko wapi?

Bi_Mkubwa: Haki ndo hiyo hiyo. Hawatafuti malaika, wanataka mtu akikosea aseme, maana ukificha bangi kesho adui akijua siri yako anakushika nayo. Na malezi nayo yanachangia, mtoto aliyefundwa haulizwi mara mbili.

Mjomba_K: Malezi?? Dada yangu kamlea yule mtoto peke yake, kazi mbili, anarudi saa sita usiku anakagua madaftari. Mama yangu nakuheshimu ila hapo umenichoma.

Chapa_Kazi: Hata mimi imeniuma, nimelelewa na bibi na sijawahi kumwibia mtu hata sindano. Uongo wa woga hauna uhusiano na malezi.

Bi_Mkubwa: Sijamtukana mtu. Nimelea sita, najua ninachosema.

Chapa_Kazi: Sita wako, sio wa dada yake.

Faili_Kuu: Jamani swali ni alirekebisha lini. Miongozo ya 2017 ya kuamua nani apewe kibali, kile kipengele E cha tabia binafsi, inampa nafuu mtu aliyesahihisha haraka mwenyewe kabla hajabanwa na ushahidi. Kalamu ilipowekwa mezani mlango ulikuwa bado wazi, angesema pale pale.

Mjomba_K: Kijana wa miaka 22, bangi kwa serikali kuu ni kosa hata jimbo lake likiruhusu, aongee ajifunge mwenyewe?

Faili_Kuu: Kaka, sehemu ya dawa za kulevya kwenye fomu yenyewe imeandika kwamba jibu la kweli halitatumika kama ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya jinai. Uongo ndo unaoweza kukupeleka jela mpaka miaka 5. Watu hawasomi yale maandishi ya juu, wanakimbilia kutiki.

Chapa_Kazi: Ila kesi iliyofutwa si hauandiki? Wakili aliniambia ikishafutwa ni kama haijawahi kuwepo.

Faili_Kuu: Hapana. Fomu inataka hata zilizofutwa, isipokuwa hukumu chache za dawa za kulevya. Kwa nini unauliza?

Chapa_Kazi: Nimejaza mwezi jana. Nilikamatwa kwa kupigana miaka minne iliyopita, sikuandika.

Bi_Mkubwa: Mwanangu, we!

Faili_Kuu: Tulia. Wakili alikwambia kuhusu fomu hii hasa, au kuhusu kesi tu?

Chapa_Kazi: Nilimuuliza kuhusu fomu hii hii.

Faili_Kuu: Basi kwamba ulifuata ushauri wa wakili nako wanakuzingatia, mradi ukishajua useme kila kitu bila kuvutwa. Mtafute afisa usalama wa kazini kwako leo, usisubiri uitwe.

Mjomba_K: Msikilize huyo ndugu yangu. Mpwa wangu alisubiri.

Chapa_Kazi: Ofisi zimeshafungwa.

Bi_Mkubwa: Mwandikie barua pepe sasa hivi, tarehe na saa zibaki.

Chapa_Kazi: Naandika mama.