Nimelipa laki na nusu nitembezwe Ujiji, nimeoneshwa mwembe na duka la vitenge

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na hili jambo wiki nzima nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, wacha niliteme.

Nilishuka mwisho wa reli, Kigoma, na shemeji yangu wa Iringa pamoja na binti yake wa kidato cha tatu. Binti anapenda Historia kuliko kula, na mimi mama yangu ni Mmanyema wa Ujiji, aliondoka pale akiwa mdogo. Nikasema tusizurure ovyo, tutafute mtu anayeujua mji. Nikapewa namba ya kijana mmoja. Tukaelewana kwa meseji kabisa, ninazo hadi leo: matembezi ya miguu, muda wa saa nne, Ujiji ya zamani na soko lake, tumalizie Kibirizi kwenye dagaa. Elfu hamsini kwa kichwa, tuko vichwa vitatu, na hela ilitangulia (hapo najua mtanicheka, chekeni tu).

Tulikubaliana saa mbili asubuhi. Katokea saa nne kasorobo, na bajaji. Namuuliza, "Si tulisema miguu?" Ananijibu, "Kaka mkubwa, jua kali, nawahurumia." Kumbe huruma yenyewe ana wateja wengine saa saba.

Bajaji ikatushusha moja kwa moja kwenye makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Sikatai, pale lazima ufike. Kuna mnara wa kumbukumbu wenye ramani ya Afrika, na kuna miembe inayosemekana ni uzao wa ule ambao chini yake mwandishi wa habari Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Sawa. Sasa sikilizeni maelezo ya mtaalamu wetu. Kasema Livingstone alifika Ujiji kwa meli ya Liemba, na akafia hapo hapo chini ya mwembe. Binti anaandika kwenye daftari, neno kwa neno!

Wakuu, Liemba Wajerumani waliileta vipande vipande wakaiunga hapo Kigoma, ikaingia majini 1915. Livingstone alikufa 1873, huko Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake, kina Susi na Chuma, ndio waliobeba maiti yake kwa miguu hadi Bagamoyo. Kwa hiyo meli ilimfuata marehemu miaka arobaini na ushee baada ya mazishi. Nilipomwambia akacheka, "Aah kaka, wazungu hawaulizagi hayo."

Hiyo kauli ndiyo iliyonichafua kuliko hela. Kwa hiyo sisi tukija kwetu tupewe makapi waliyozoea kupewa wazungu, tena makapi yenyewe ya uongo?

Na Ujiji ina mambo ya kusema usiku kucha bila kumtaja Stanley hata mara moja. Pale ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogota Ziwa Tanganyika. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, wenyewe walifika 1858 kwa kufuata njia ambayo wapagazi na wafanyabiashara walikuwa wameshaikanyaga hadi ikang'aa. Pembe za ndovu zilipita pale, na watu waliofungwa minyororo walipita pale, wengi wakitolewa ng'ambo ya ziwa. Rumaliza, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alikuwa na nguvu zake pale. Sokoni watu walinunua samaki na chumvi ya Uvinza kwa shanga, na zilikuwepo zilizoitwa sofi, zimekaa kama vipande vya kiko kilichovunjika. Reli ilipofika Kigoma 1914 biashara ikahamia huko, Ujiji ikabaki na nyumba zake na baraza zake. Hayo yote sikusikia hata nusu sentensi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tulikuwa tunarudi kwenye bajaji, tukapita nyumba moja ya udongo yenye mlango wa zamani wa mbao. Barazani kuna mzee anashona kofia. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatusogezea mkeka. Akaniuliza, "Wewe ni wa nani hapa?" Nikamtajia bibi yangu. Mzee akachomeka sindano kwenye kofia, akaiweka kando, akanitazama vizuri.

"Yule aliyekuwa akikaanga maandazi karibu na kisima?"

Nywele zilinisimama. Mama amenisimulia hayo maandazi maisha yangu yote. Mzee akaanza kunyoosha mkono kunionesha kisima kilikuwa upande gani, na mtaalamu wetu huyu hapa anapiga honi ya bajaji! "Kaka, muda, muda!" Shemeji alishapanda, dereva kawasha, nikaondoka kama mwizi. Hata jina la mzee sikuuliza. Hapo lawama nyingine ni yangu, najua.

Soko tulipita kwa bajaji, dakika tano. Halafu tukapelekwa duka la vitenge tukakaa karibu saa nzima, na mwenye duka anamwita "mdogo wangu". Kibirizi nako tukapelekwa kwa jamaa yake mmoja tu. Mama mmoja wa meza ya jirani alininong'oneza, "Mwanangu, chukua wa chanja, hao wameanikwa mchangani." Mtaalamu akamkatisha, akasema hawa ndio dagaa wa Kigoma halisi. Nikanunua kisado, bei ya kiburi. Nimefika nyumbani, nimewaosha maji matano, chini ya beseni mchanga unabaki kama wa kufyatulia tofali. Mke wangu kauma tonge moja, akaniangalia, akasogeza sahani.

Niseme ukweli, si waongozaji wote. Najua wapo vijana wa Kigoma wanaojua kazi na wanaipenda. Kama yupo humu anayekwenda kwa miguu kweli, na haogopi kukaa barazani na wazee, aje PM, mwezi wa kumi na mbili narudi na mama mwenyewe. Na kama kuna mtu wa Ujiji anamjua mzee mshona kofia, nyumba ya udongo, mlango wa mbao, si mbali na makumbusho, naomba amfikishie salamu. Amwambie mjukuu wa bibi wa maandazi hakukimbia kwa kupenda.

Binti daftari lake kafuta ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu.

Jana usiku mtaalamu kanitumia meseji: "Kaka mkubwa naomba unisifie kwenye mtandao, nyota tano." Nimeisoma, tiki zimegeuka bluu, nimelala.