Naomba ushauri: matofali ya tanuru yanaingia namba gani ya forodha (HS code, namba ya kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru)?

Wakuu habari za mchana, niko Tanga, nasubiri mzigo wa matofali na vigae vya kuhimili moto kwa ajili ya tanuru la chokaa. Wakala wa forodha anataka kuandika matofali namba 6904 kama ya kujengea na vigae 6907 kama vya sakafuni, mi naona siyo kabisa, maana cheti cha kiwanda kinasema alumina 42%, silika 53%, na yanavumilia zaidi ya nyuzi 1500, na 6902.20 inataka hivyo viwili vikijumlishwa vipite nusu ya uzito, tena 6902 yenyewe inataja vigae. Waliowahi kutoa mzigo kama huu, cheti cha kiwanda kinatosha au niombe kabisa TRA (mamlaka ya mapato) uamuzi wa awali wa namba ya mzigo kabla meli haijafika? Nisaidieni jamani, faini naiogopa.