Mbao ya gobore imemeguka kando ya mtambo: epoksi, kiraka cha mbao, au kuiacha ilivyo?

Tezo

Ndugu wanachama, ninaomba ushauri kuhusu gobore langu la fataki (kifuniko kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo), ambalo mbao yake ya mjozi imemeguka ukingoni mwa bamba la mtambo (chuma cha ubavuni kinachobeba nyundo), upande wa nyuma, pale mbao inapoanza kuwa nyembamba kuelekea kwenye mshiko. Pengo lina urefu wa milimita 22, upana wa milimita 6 na kina cha milimita 4 hivi. Kosa ni langu: mtambo ulikuwa umekaza, nikauchokonoa kwa bisibisi badala ya kuwa na subira, na kibanzi kikaruka kisionekane tena. Ncha ya chini ya kitako nayo ina pengo dogo la zamani ambalo nimelikuta tu.

Ninapima njia tatu, yaani kujaza kwa epoksi (gundi ya sehemu mbili) iliyochanganywa na unga wa mbao, kuchonga kiraka cha mbao, au kuliacha pengo lilivyo na kulifunga kwa mafuta ili lisipanuke. Bunduki hii ninaitumia kulenga shabaha, kwa hiyo sitafuti uzuri pekee.

Mdeki

Kabla ya kuzungumzia gundi, hakikisha kasiba (mtutu) ni tupu, kwa sababu magobore ya zamani hukutwa mara nyingi yakiwa bado na baruti na risasi ndani. Teremsha mdeki (fimbo ya kushindilia) mpaka ukome, weka alama usawa wa mdomo wa kasiba, kisha utoe na uulaze juu ya kasiba kwa nje, alama ikiwa pale pale mdomoni. Ncha yake inapaswa kufika karibu na mahali fataki inapokaa; ikiishia sentimita kadhaa kabla ya hapo, ndani mna kitu, na kazi yote isimame mpaka kitolewe na mtu anayejua.

Jambo la pili ni mafuta. Bunduki ikisimamishwa kwa kitako miaka mingi, mafuta ya kasiba hushuka na kunywewa na mbao iliyo nyuma ya mtambo, mpaka ikawa nyeusi na laini kiasi cha kuingia ukucha, na hapo hakuna gundi itakayoshika. Changanya unga wa chaki na asetoni uwe uji mzito, upake ndani ya pengo, uache ukauke, kisha uubandue. Mara ya kwanza chaki itatoka na rangi ya kahawia. Rudia mpaka itoke nyeupe. Fanya hivyo nje, mbali na moto wowote, kwa kuwa asetoni huwaka upesi.

Msasa

Mimi ninatetea epoksi, ile inayokauka kwa saa 24, si ile ya dakika tano. Haisinyai sana inapokauka, haiogopi maji ya kusafishia masizi ya baruti, na hujaza kila kona bila kukudai ustadi wa patasi. Paka bamba la mtambo nta ya viatu kwa ukamilifu, pamoja na matundu ya skurubu, kisha lirudishe mahali pake epoksi ikiwa bado laini, nayo itajichora ukingo sawasawa na chuma. Ukisahau nta, mtambo utagandana na mbao, na kuutoa kutaleta pengo kubwa kuliko la kwanza. Unga wa mbao uwe wa msasa laini na wa mti ule ule.

Patasi

Ninamheshimu Msasa na ninakubali kwamba epoksi ina nguvu, lakini kwa pengo la ukubwa huu, mahali panapoonekana hivyo, sitaijaza hata siku moja. Epoksi iliyokauka hainywi rangi wala mafuta, kwa hiyo mbao inayoizunguka itakapozidi kukolea kwa miaka, doa litabaki na rangi yake ya siku ya kwanza. Pia mbao huvimba na kusinyaa kufuata unyevu wa hewa, hasa kwa upana wake, ilhali kijazio hakifuati, na ukingoni mwa doa huanza kuonekana ufa mwembamba kama unywele. Mahali pa epoksi, kwa maoni yangu, ni ndani ya tundu la mtambo, ambako hakuna jicho linalofika, na katika vijeraha vidogo kuliko punje ya mchele.

Kiraka kizuri huanzia kwenye uchaguzi wa kipande. Bandua bamba la chuma la kitako, utazame mbao iliyo chini yake: ni mti ule ule, na unaweza kupasua kipande chembamba cha milimita 30 kwa kufuata nyuzi, kisha shimo linalobaki ukalijaza epoksi, kwani chuma kitalifunika. Linganisha mlalo wa nyuzi za kiraka na zile za bunduki, si mwelekeo tu bali hata mteremko wake, kwa sababu kiraka ambacho nyuzi zake zimekwenda upande mwingine hujitangaza kwa mbali, hata kiungo kikiwa safi namna gani.

Kichonge kiraka kwanza, ndipo uchonge pengo likifuate. Kipe umbo la mtumbwi, ncha zikichongoka kufuata nyuzi, kwa maana mstari unaokata nyuzi moja kwa moja ndio jicho huuona haraka. Chini kiwe chembamba kidogo kuliko juu, ili kikishuka kijibane chenyewe. Kilaze juu ya pengo, uchore pembezoni kwa ncha ya kisu, kisha ukate kidogo kidogo. Halafu kipake masizi ya mshumaa, ukibonyeze, ukitoe: kila penye alama nyeusi ndani ya pengo ndipo panapokizuia, na hapo tu ndipo pa kukwangua. Mimi hurudia hivyo mara kumi na zaidi kwa kiraka kimoja. Mwishowe kiache kimeinuka milimita moja juu ya uso wa mbao.

Sandarusi

Ninaongeza swali moja: bunduki ni ya zamani kweli, au ni nakala mpya? Ikiwa ni ya asili, tuseme bunduki ya Kiingereza ya Enfield ya mwaka 1853, mapengo ya ukingoni ni sehemu ya historia yake, na msasa ukipita juu ya rangi yake ya kale hakuna wa kuirudisha. Kwa bunduki kama hiyo ningepiga picha, ningeziba ufa usiendelee, na kama kiraka hakiepukiki ningetumia gundi ya ngozi, ambayo mtu wa baadaye anaweza kuilegeza kwa maji ya uvuguvugu.

Patasi

Hapo tunakubaliana kwa bunduki ya kutundikwa ukutani. Lakini inayofyatuliwa husafishwa kwa maji ya moto, na sifa hiyo hiyo unayoisifu, Sandarusi, ndiyo itakayokiachia kiraka. Kwa bunduki ya shabaha mimi hugandisha kiraka cha mbao kwa epoksi nyembamba, kisha hukifunga kwa ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu jiriwa haishiki vizuri umbo la mviringo.

Na mtambo, Tezo, utoe hivi siku nyingine: vuta nyundo yake hadi nusu, legeza skurubu za upande wa pili mizunguko michache bila kuzitoa, kisha gonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa bisibisi, kimoja baada ya kingine, ili bamba litoke sambamba. Likiinuka upande mmoja tu, humega mbao.

Tezo

Asanteni nyote. Ni nakala mpya, na kasiba nimeipima kwa mdeki, ni tupu. Chaki ilitoka nyeupe mara ya nne. Nimechagua kiraka kilichogandishwa kwa epoksi, na vipimo vya masizi vilinichukua siku mbili. Baada ya kukisawazisha kwa patasi na kupaka mafuta ya kitani mara tatu, kila mara kidogo sana, kiungo kinaonekana tu ninapoinamisha bunduki kwenye mwanga wa dirisha, nacho kiraka kimebaki cheupe kiasi kuliko mbao inayokizunguka. Matambara ya mafuta nimeyatandaza nje yakauke, kwa kuwa yakikunjwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe.

Kwenye ncha ya kitako nitatumia epoksi ya Msasa, maana pengo lile ni dogo na nyuzi za hapo ni fupi mno kushika kiraka.

Msasa

Kwa ncha hiyo, ingiza kwanza pini nyembamba ya shaba ndani ya mbao, ndipo ujaze juu yake. Ncha ya kitako ndiyo inayogonga sakafu kila bunduki inapoegemezwa, na kijazio kisicho na kitu cha kukishika hakitakaa.