Warsha ya kutengeneza karatasi na kufunga vitabu kwa mkono: nilikosea wapi?

Mwalimu wa Muheza anauliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa watu waliokwisha kuendesha warsha za kutengeneza karatasi na kufunga vitabu kwa mkono, kwa sababu ile niliyoiendesha mwezi Aprili iliniachia aibu pamoja na sufuria mbili zilizoharibika. Nilikuwa na wanafunzi 18 wa klabu ya sanaa. Nilipanga kwamba asubuhi tutengeneze karatasi kutokana na magazeti na karatasi chakavu zilizochanganywa na nyuzi za mkonge, ambazo huku kwetu Tanga si kitu cha kuhangaikia, kisha alasiri kila mmoja ashone daftari lake na kuondoka nalo.

Nyuzi tulizichemsha kwa magadi kwa muda wa nusu saa hivi, zikatoka ngumu vilevile kama zilivyoingia, na nilipozitia katika blenda ya nyumbani zilijisokota kwenye visu hadi mota ikaanza kutoa moshi. Karatasi chache tulizofanikiwa kuzichota hazikukauka siku ile, maana mvua za masika zilikuwa zimechachamaa, na wanafunzi walipozifungua nyumbani baada ya siku 3 walikuta zimeota kuvu. Ili siku isipotee bure, tulishona madaftari kwa karatasi za kawaida za A4, lakini nayo yalikataa kufunga: yalibaki yameachama, majalada yakajikunja, na gundi ikapenya kwenye kanga tulizoyavalisha, ikaacha mabaka meupe. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa upole kwamba daftari lake limefura kama andazi.

Mwezi Agosti nimepewa siku 2. Sina mashine wala fedha za kuagiza vifaa kutoka nje. Je, nibadilishe nini?

Binti Mkonge anajibu:

Mwalimu, pole. Makosa hayo karibu yote nimeyafanya mwenyewe, likiwemo la sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini haipatani kabisa na magadi yanayochemka: huliwa polepole, ikageuka nyeusi, na uchafu wake ukaingia katika nyuzi. Tafuta chombo cha chuma kisichoshika kutu, au sufuria ya enameli ambayo haijabanduka, na kikishatumika kwa kazi hii kisirudi tena jikoni.

Kuhusu nyuzi, ni vyema ukumbuke kwamba hatuzipiki ili zilainike kama maharage. Tunazipika ili kuyeyusha lignini, yaani ile gundi ya asili inayozishikanisha, kwa sababu karatasi haifanyiki mpaka kila uzi mdogo uachane na mwenzake. Zikate ziwe na urefu wa sentimita 1 hivi, ziloweke usiku kucha, kisha zipike kwa soda ashi (unga wa kaboneti ya sodiamu) kwa kipimo cha asilimia 20 ya uzito wa nyuzi kavu. Kwa gramu 500 za nyuzi utatia gramu 100. Magadi ya jikoni yanafaa pia, ila ni hafifu, hivyo utahitaji kuyaongeza na kupika kwa muda mrefu zaidi. Usipungue saa 3, na kipimo cha mwisho kiwe vidole vyako: chomoa uzi mmoja, uvute, na ukiona unachanika kwa urefu bila kubishana, umeiva. Kuna watakaokushauri utumie kostiki ya watengeneza sabuni ili uharakishe kazi. Mbele ya watoto nisingeigusa, kwa kuwa huunguza ngozi na macho vibaya. Na hata kwa soda ashi, vaa glavu.

Ukimaliza, suuza mpaka maji yatoke safi na mkono usihisi utelezi, halafu weka blenda kando na ulete kinu na mchi. Twanga. Ili kujua kama rojo, yaani nyuzi zilizotwangwa, liko tayari, chota kidogo, litie katika chupa ya maji na uitikise: nyuzi zikielea sawasawa kama wingu, endelea na kazi, zikijikusanya madonge, rudi kwenye kinu. Changanya sehemu 1 ya rojo la mkonge na sehemu 4 za rojo la karatasi chakavu za ofisini. Magazeti yaache kabisa, kwa sababu yamejaa lignini ileile uliyoipika saa 3 kuiondoa, na karatasi yake hugeuka njano na kukatika mapema.

Hayo yote uyafanye wewe kabla ya siku yenyewe. Wanafunzi waonyeshwe nyuzi mbichi, zilizopikwa na zilizotwangwa, wapokezane mchi kwa dakika chache, kisha waende moja kwa moja kwenye beseni la rojo na fremu yenye wavu ya kuchotea, maana raha ya kazi iko pale karatasi inapotokea juu ya wavu.

Mkaazi wa Kisumu anajibu:

Naheshimu maelezo ya Binti Mkonge, lakini nina maoni tofauti kidogo. Kwa wanaoanza, mkonge ni mwalimu mkali mno. Huku kwetu tumekuwa tukitumia magugu maji ya Ziwa Victoria, na mahali pasipokuwa na ziwa kuna migomba. Maganda ya shina la mgomba huiva upesi zaidi na kutwangika bila kutoa jasho jingi. Pale Mwaluganje, Kwale, karatasi hutengenezwa kwa kinyesi cha tembo, na siri yake si ajabu hata kidogo, kwa kuwa tembo amekwisha kutafuna na kulainisha sehemu kubwa ya nyuzi kabla fundi hajafika. Mwalimu, ukiwa na siku 2 tu, chagua nyuzi ambayo kazi yake imepungua tayari.

Binti Mkonge anajibu:

Sikatai kuhusu mgomba. Hata hivyo, mtoto wa Muheza anayepita kando ya mashamba ya mkonge kila siku anapoona jani lile limegeuka karatasi, anapata kitu ambacho mgomba hautampa. Ndiyo maana nilisema sehemu 1 kwa 4.

Fundi Jalada, Mombasa, anajibu:

Nitazungumzia madaftari, maana huko ndiko ninakopatia riziki. Mwalimu, daftari lako halikufura kwa sababu ya ushonaji mbaya, bali kwa sababu karatasi zilikunjwa kinyume cha mwelekeo wa nyuzi zake. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, na ikikunjwa kufuata nyuzi hutulia, ikikunjwa kuzikata huwa kama chemchemi ya godoro. Karatasi nyingi za A4 zinazouzwa madukani zina nyuzi zinazofuata urefu wake, kwa hiyo ukiikunja katikati ili upate A5, lazima unazikata. Jaribu mwenyewe: lowesha upande mmoja wa kipande cha karatasi, nacho kitajiviringa kama mkeka, na nyuzi zinafuata urefu wa bomba linalotokea.

Dawa yake ni rahisi. Nunua A3 ambayo nyuzi zake zinafuata urefu, uikate katikati, na kila nusu utakayoipata itakuwa A4 inayokunjika vizuri. Hesabu ya watu wako iko hivi: karatasi 4 zikikunjwa pamoja zinatoa fungu moja lenye kurasa 16, mafungu 6 yanatoa daftari la kurasa 96, kila mwanafunzi atatumia karatasi 24, na wanafunzi 18 watatumia 432. Karatasi 250 za A3 zitakupa nusu 500, na zile 68 zitakazobaki ni za watakaokosea, ambao hawakosekani.

Kwa mshono, nakushauri utumie wa mnyororo, ule uliotumiwa na Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, na ambao mafundi wa Ethiopia wanautumia mpaka leo kushonea vitabu vyao vya ngozi na majalada ya mbao. Hauhitaji gundi mgongoni, na daftari hufunguka likalala wazi mezani. Matundu yatobolewe kwa msharasi wa fundi viatu, fungu likiwa limelazwa wazi juu ya kitabu kinene kilichofunguliwa katikati, ili ncha ipite kwenye mkunjo wenyewe. Uzi wa fundi viatu unatosha. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili. Mvuto wa uzi ufuate mgongo wa daftari, usiende juu, la sivyo karatasi itachanika. Hilo nalirudia kila darasa na kila darasa kuna anayechana.

Kanga haipakwi gundi moja kwa moja. Siku moja kabla, ibandike karatasi nyembamba upande wa nyuma kwa gundi ya unga wa ngano na uiache ikauke. Baada ya hapo hakuna kitakachopenya. Kuhusu jalada kujikunja, gundi inapokauka huvuta kadibodi kuelekea upande iliopakwa, kwa hiyo bandika karatasi upande wa ndani pia, ili pande mbili zivutane sawasawa, kisha ukandamize chini ya matofali usiku kucha.

Niongeze jambo ambalo si la lazima. Wanafunzi wako wanapaswa kujua kwamba kazi hii si ngeni pwani yetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, kulikuwa na waandishi na mafundi walionakili Misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, wakitumia karatasi zilizoletwa kwa majahazi.

Mwalimu wa Muheza anaandika:

Nawashukuru sana nyote. Nimejaribu kile kipande cha karatasi kilicholoweshwa, na kweli, A4 zote zilizoko ofisini kwetu zimejiviringa, bomba likifuata urefu wa karatasi. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, karatasi wanazotengeneza siku ya kwanza zitawahi kukauka ili zitumike siku ya pili? Na gundi ya unga, kwa joto letu, inadumu kwa muda gani?

Fundi Jalada, Mombasa, anajibu:

Gundi yangu hupikwa kwa kipimo 1 cha unga na vipimo 5 vya maji, ikikorogwa bila kuachwa mpaka ing'ae kidogo. Haipiti siku 2 au 3 kabla ya kuchacha. Matone machache ya mafuta ya karafuu huzuia kuvu, lakini mende hayawazuii, kwa hiyo funika.

Kuhusu kukauka, usiwategemee watoto watengeneze karatasi za kurasa zote. Kila mmoja atengeneze 2 tu za ukubwa wa A4, moja izungushwe fungu la kwanza na nyingine fungu la mwisho, zishonwe pamoja nayo. Kwa hiyo siku ya kwanza asubuhi ni karatasi, alasiri ni kukunja mafungu na kuvalisha majalada. Siku ya pili ni kutoboa na kushona.

Binti Mkonge anajibu:

Zitakauka, mradi uzikamue sana kwanza. Zipange na vipande vya blanketi katikati ya mbao 2 na uzibane kwa jeki ya gari; utashangaa maji yatakayotoka. Kisha zibandike kwa brashi kwenye vioo au juu ya meza zenye fomaika, kivulini penye upepo, na usizibandue mpaka kingo zianze kuachia zenyewe. Kama ungependa wino usisambae, zikishakauka zipake uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, uzikaushe tena. Na tengeneza 45 badala ya 36, kwa sababu kuna zitakazochanika wakati wa kuzibandua, hasa zile zilizochotwa mwanzo kabisa, rojo likiwa bado zito na mikono bado haijazoea kutikisa fremu.