Samaki simu wadogo wa kwenye mikoko, mbona urefu hauongezeki?

Kijana wa Sahare:
Wakuu habari za asubuhi. Nasomea uvuvi, mwaka wa mwisho, nyumbani ni Sahare hapa Tanga. Utafiti wangu ni simu wadogo, hawa samaki wanaofanana na dagaa, wale wa saizi ya kidole wanaoingia kwenye mikoko na nyasi bahari maji yakijaa. Kila bamvu, yani maji yakijaa sana, nachota samaki, napima urefu, napiga wastani. Sasa wastani wa Machi na wa Aprili ni karibu sawa kabisa. Ndo kusema hawakui? Au chakula hamna? Nisaidieni jamani mana siku za kuandika zimefika.

Nahodha Kigombe:
Mdogo wangu wanakua vizuri tu, ila samaki akishapata mwili hakai tena mikokoni, anatoka anafuata maji makubwa na huko ndo sisi tunamkuta usiku wa giza kwa taa. Unayempima Aprili sio yule wa Machi, huyo ni mwingine kaingia juzi. Alafu nyavu yako ina macho gani? Macho yakiwa makubwa wadogo wote wanapita, hutawaona hata siku moja.

Maji Mafu:
Nahodha kamaliza kazi, naongezea tu. Wastani unadanganya pande zote mbili. Wakubwa wakihama unashuka, wadogo wakifa unapanda na hamna samaki hata mmoja aliyekua. Kule Alaska, Prince William Sound, kuna heringi, ukoo mmoja na simu wetu, waliporomoka vibaya 1993 na mpaka leo watu wanafuatilia watoto wake. Wale watoto wanakaa kwenye vighuba vya pwani mwaka mmoja au miwili, na wakati wa baridi wanakula kidogo sana, wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea, sasa aliyeingia baridi mdogo na mkavu ndo anakufa. Ukipima baridi ikiisha utaona wastani umepanda, kumbe ni waliobaki tu. Usibebe kila kitu chao lakini, heringi anatagia kwenye majani na mayai yananata hapo, mayai ya simu yanaelea majini.
Dawa yako ni kijiwe cha sikio, kale kajiwe kadogo ndani ya kichwa cha samaki. Samaki mchanga anaweka duara moja kila siku, unakisugua taratibu kikawa chembamba unahesabu kwenye hadubini, hapo unapata umri wa samaki mmoja mmoja kwa siku, unagawa urefu wake kwa siku hizo unajua anakua kwa kasi gani. Na nakuomba sana usiwahifadhi kwenye fomalini, inakula vijiwe. Tumia spiriti.

Mama Dagaa Deep Sea:
Mwanangu mie sijasoma hayo ila nakaanga dagaa miaka mingi. Kuna msimu samaki ni wa urefu uleule lakini kikaangoni anatoa mafuta mwenyewe, na kuna msimu ni mkavu, ukimgeuza anavunjika. Rula haikuonyeshi hiyo, wapime na uzito.

Kijana wa Sahare:
Shkamoo mama, asante sana, uzito sikupima hata siku moja. Wa Machi nimewaweka kwenye fomalini wote, wale wameshaharibika, ila wa Aprili bado wapo kwenye barafu nyumbani, leo leo nawahamishia kwenye spiriti. Nahodha, bamvu lijalo naweza kuja Kigombe nichukue na wale wa kwenye taa, niwalinganishe vijiwe na hawa wa mikokoni?

Nahodha Kigombe:
Njoo na ndoo yako. Giza likianza tunatoka kila siku magharibi.