Roadster NB na milioni moja: springi fupi, bushi ngumu au matairi?

Mwanzisha mada, Dar
Wakuu, habari za mchana. Nina Mazda Roadster ya 1999, kizazi cha pili (NB), ile ambayo nje ya Japani wanaiita MX-5. Injini 1600, gia tano za mkono. Stelingi imelegea katikati, kwenye kona gari linachelewa kuitika, na gia zinaingia kwa kusitasita. Nguvu za injini sizitaki, nataka nilisikie gari mikononi. Nina milioni moja. Mmoja ananishauri springi fupi na rimu za inchi 17, mwingine bushi (zile raba za kwenye maungio ya mikono ya magurudumu) ngumu za poliurethani, yaani plastiki ngumu. Nianzie wapi?

Mjumbe wa Arusha
Matairi, mkuu. Soma tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT, ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili zinazofuata ni mwaka. Langu lilikuwa na matairi yenye meno mazuri kabisa lakini mpira umekauka kama kigae. Nilipobadilisha nilidhani nimekabidhiwa gari jingine. Rimu za 17 achana nazo. Gari lenyewe lina tani moja hivi, kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu utaisikia. Baki na 185/60 za inchi 14.

Fundi, Gerezani
Naunga mkono, ila matairi mapya bila alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) yataliwa upande mmoja. Gari hili unaweza kurekebisha mlalo wa matairi yote manne, mbele na nyuma, magari mengi ya bei hiyo hayana kitu hicho. Mimi hulaza juu ya tairi kuelekea ndani, digrii 1 mbele, 1.5 nyuma. Bolti zake hushikwa na kutu, kwa hiyo zipulizie mafuta ya kulainisha siku mbili kabla. Usikubali fundi azigonge nyundo.

Mjumbe wa Mombasa
Springi fupi nilifunga, nikazitoa baada ya miezi mitatu. Roadster ina nafasi ndogo sana ya springi kucheza, ukiishusha inagonga stopa (kizuizi cha mwisho wa mwendo) kwenye kila tuta, na katikati ya kona inaruka badala ya kushika. Kama shokapu zako zimechoka, nunua shokapu nzuri, springi ziache za kiwandani.

Mjumbe wa Birmingham
Kaka, mimi nina bushi za poliurethani na ninazipenda. Usukani unajibu papo hapo. Lakini huku barabara ni laini, na bado zinahitaji grisi, la sivyo zinalia.

Fundi, Gerezani
Kwa barabara zetu, bushi mpya za raba zinatosha. Gia sasa: fungua chini ya mkono wa gia. Kuna kikombe chenye oili yake peke yake na raba mbili za kuziba. Zikichanika, oili inapotea na joto linapanda ndani. Badilisha raba, kibushi cha plastiki cha ncha ya chini, na oili. Ni kazi ya asubuhi moja, na kwa pesa yake sijaona kinachoizidi.

Mwanzisha mada, Dar
Wakuu, nimerudi. Nilianza na gia: kikombe kilikuwa kikavu, raba ya chini imepasuka nusu. Sasa gia ya pili inaingia kwa vidole viwili! Matairi yangu ni ya 2014. Jumamosi nafunga mapya, Jumatatu alaimenti. Kinachobaki kinakwenda kwenye bushi za raba za mbele.